Nyumba ya Kasisi ya Alfriston: Mwaloni, Udongo na Pauni 10

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa usanifu majengo na mafundi wa majengo ya kale)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, mafundi, wanafunzi, mabibi na mabwana. Ahsanteni kwa kunialika.

Mliniomba nizungumzie jengo moja la kale la Uingereza, mkaniachia nichague mwenyewe. Ningeweza kuchagua kanisa kuu au jumba la mfalme, na picha za kuonyesha zingekuwa nyingi. Nimechagua nyumba ndogo ya mbao na udongo, iliyoezekwa kwa mabua, katika kijiji cha Alfriston, East Sussex, kusini mwa Uingereza. Inaitwa Nyumba ya Kasisi. Ilijengwa katika karne ya 14. Mwaka 1896 ilinunuliwa kwa pauni 10, ikawa jengo la kwanza kabisa kumilikiwa na National Trust, taasisi ambayo leo inatunza mamia ya majengo pamoja na maeneo makubwa ya pwani na mashamba. Nataka mwone jinsi nyumba hii ilivyojengwa, na mwone pia kwamba waliotangulia kuilinda walifanya uamuzi mgumu kuliko huo wa kununua: waliamua mambo ambayo hawatayafanya.

Kwanza mahali penyewe. Alfriston imekaa katika bonde la mto Cuckmere, kati ya vilima vya chaki viitwavyo South Downs, karibu na bahari. Nyumba inatazamana na uwanja wa nyasi wa kijiji, na jirani yake ni kanisa la Mtakatifu Andrea, nalo ni la karne hiyo hiyo. Ukisimama hapo uwanjani unaona namna mbili za kujenga zilizotoka katika ardhi moja. Kanisa limejengwa kwa gumegume, lile jiwe gumu jeusi linalochimbuliwa ndani ya chaki. Nyumba imejengwa kwa mwaloni. Kaskazini mwa vilima hivyo kuna nchi ya udongo wa mfinyanzi na misitu iitwayo Weald, na huko mwaloni ulikuwa mwingi. Jiwe zuri la kuchonga lilikuwa ghali na la mbali. Kwa hiyo jiwe likapewa Mungu, watu wakajijengea kwa mti.

Nyumba za jamii hii huitwa kwa jina la nchi ile ya misitu, yaani nyumba za Weald. Zimejaa Kent na Sussex, na chache zimesambaa mbali zaidi, hata mjini Coventry. Mpango wake ni rahisi kuukumbuka. Katikati kuna ukumbi ulio wazi kutoka sakafuni hadi kwenye paa, bila dari wala ghorofa. Kila upande wa ukumbi kuna sehemu yenye ghorofa moja juu. Upande wa heshima una chumba cha faragha chini na chumba cha kulala cha mwenye nyumba juu. Upande wa pili, ule wa kazi, kwa kawaida una stoo mbili: moja ya mapipa ya pombe, nyingine ya mkate na vyakula vikavu. Kati ya ukumbi na stoo hizo kuna ujia unaokata nyumba toka mbele hadi nyuma, na milango yake miwili inatazamana.

Wanafunzi, mpango huo mnaweza kuusoma kama mnavyosoma orodha ya vyeo. Aliyeingia aliingilia upande wa chini, penye baridi na upepo wa milango. Moto ulikuwa katikati ya ukumbi. Meza ya mwenye nyumba ilikuwa upande wa juu, mbali na mlango, mgongo wake ukielekea chumba chake mwenyewe. Mgeni alijua hadhi yake kwa hatua alizoruhusiwa kupiga kutoka mlangoni. Hapakuhitajika ukuta kumwambia asimame wapi.

Sasa tazameni sura ya mbele, maana hapa ndipo nyumba ya Weald inapojitambulisha. Vyumba vya juu katika ncha mbili vimejitokeza nje kuliko kuta za chini. Ukumbi hauna chumba cha juu, kwa hiyo hauna cha kujitokeza, na ukuta wake unabaki nyuma. Lakini paa ni moja, limenyooka kutoka ncha hadi ncha. Basi mbele ya ukumbi ukingo wa paa unaning'inia mbali na ukuta, ukibebwa na boriti ndefu inayopita hewani, nayo boriti inashikiliwa na mihimili iliyopinda inayotoka kwenye zile ncha mbili. Kuna maelezo mengi ya kwa nini ghorofa zilitokezwa nje namna ile: wapo wanaosema ni kuongeza nafasi, wapo wanaosema ni kusawazisha uzito juu ya mbao za sakafu. Mimi naegemea kwa wale wanaosema ilikuwa fahari. Kutokeza ghorofa kulikula mbao nyingi na kazi nyingi, na kila mpita njia aliiona.

Mafundi seremala, sehemu hii ni yenu. Mwaloni haukusubiriwa ukauke. Ulikatwa na kuchongwa ukiwa mbichi, kwa sababu mwaloni mbichi unakubali shoka na patasi, na mwaloni uliokauka miaka mingi unakuwa mgumu kiasi cha kuvunja ari ya fundi. Fremu nzima ilipangwa na kuunganishwa chini, kwenye kiwanja cha kazi, kila kiungo kikajaribiwa, kisha ikafunguliwa, ikapelekwa na kusimamishwa mahali pake. Ili vipande visichanganyike, kila kiungo kilitiwa alama kwa ncha ya chuma, kwa kawaida namba za Kirumi, kwa kuwa zina mistari iliyonyooka na mistari iliyonyooka ndiyo rahisi kukata juu ya mti. Alama hizo bado zinaonekana katika nyumba nyingi za aina hii. Ukizifuata unaweza kujua fundi alianzia upande gani.

Viungo ni ulimi na tundu, vikafungwa kwa vigingi vya mwaloni, bila misumari. Na hapa pana ujuzi ambao naona haujasifiwa vya kutosha. Tundu la kigingi kwenye ulimi lilitobolewa likiwa limesogea kidogo kulinganisha na matundu ya ule mti unaoupokea. Kigingi kilipopigiliwa, kilipinda kidogo na kuuvuta ulimi uingie ndani kabisa. Kisha mti ukaanza kukauka. Kadiri miaka ilivyopita, mwaloni ulinywea na kujipinda, na fremu nzima ikakazana. Mgeni akiiona nyumba imepinda pinda hudhani inakaribia kuanguka. Mara nyingi mpindo huo ulitokea katika miaka ya mwanzo tu, mti ulipokuwa unakauka, na tangu hapo nyumba imetulia kwa karne kadhaa.

Kati ya mbao za fremu kuta zilijazwa kwa fito na udongo. Mnajua kazi hii: vijiti vya kusimama, fito za kusukwa, kisha kukandika pande zote mbili. Wao walitumia mwaloni uliopasuliwa na fito za mti wa hazeli. Udongo wao ulichanganywa na mabua yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, na katika nchi ya chaki uliongezwa chaki iliyosagika. Juu yake walipaka chokaa. Tofauti kubwa na kiambaza cha kwetu ni kwamba kule ukuta haubebi kitu. Uzito wote wa paa uko kwenye fremu, udongo ni kizuizi cha upepo tu, na unaweza kubomoa paneli moja na kuikandika upya bila nyumba kutikisika. Ndiyo maana nyumba imedumu zaidi ya miaka 600 ilhali udongo wenyewe umefanywa upya mara nyingi.

Madirisha hayakuwa na vioo. Kioo kilikuwa kitu cha makanisa na cha matajiri. Palisimamishwa nondo za mwaloni zenye pembe nne, zikageuzwa ili pembe ielekee nje, na ndani pakawa na ubao wa kufunga usiku na wakati wa mvua. Siku ya baridi kali ulichagua kati ya mwanga na joto.

Paa ni la mabua, na limeinuka sana, kama ilivyo desturi ya mapaa ya mabua kule, takriban digrii 50. Mwinuko huo ndio siri yake. Maji huteleza kutoka bua hadi bua na kudondoka kabla hayajapenya ndani, kwa hiyo sehemu inayolowa ni ile ya juu juu tu. Ukingo wa paa umetokeza mbali na ukuta kwa kuwa hakuna mfereji wa kukinga maji. Waezekaji wengi wa Uingereza huweka tabaka jipya juu ya lile la zamani badala ya kuezua lote, na desturi hiyo imetuachia hazina katika maeneo mengine, hasa Devon: tabaka la chini kabisa lililoezekwa Zama za Kati, jeusi kwa masizi, likiwa bado na masuke ya ngano ambayo watafiti wa mimea wameweza kuyachunguza. Mtu anapowaambia kwamba paa la nyasi si kumbukumbu, mwambieni habari hiyo.

Na masizi yanatuleta kwenye moshi. Ukumbi wa nyumba hizi haukuwa na dohani. Moto uliwaka sakafuni, moshi ukapanda kwenye giza la paa, ukatafuta njia kupitia vitundu vya ncha za paa na katikati ya mabua. Makombamoyo yakawa meusi. Mtaalamu wa leo akitaka kujua kama chumba fulani kilikuwa ukumbi wa wazi, hupanda darini na taa kutazama rangi ya mbao. Nyeusi, basi moshi ulipita hapo. Safi, basi palikuwa na chumba chenye dari. Ushahidi huo haudanganyi. Kuanzia karne ya 16 watu wengi walijenga madohani ya matofali, na moshi ulipopata njia yake, ukumbi mrefu haukuwa na kazi tena, wakaukata katikati kwa ghorofa. Kumbi nyingi za Kent na Sussex zilipotea namna hiyo. Zingali zimo ndani ya nyumba, zimefichwa na sakafu za baadaye. Ukumbi wa Alfriston leo uko wazi, na unaweza kusimama chini ukaona mpaka kileleni.

Ukiwa umesimama humo, tazama chini pia. Sakafu ni ya chaki iliyopondwa na kushindiliwa, kisha ikazibwa kwa maziwa yaliyochacha. Hiyo ni desturi ya Sussex. Maziwa yana kitu kinachoshika, nacho kikikutana na chaki hugeuka kuwa kama gundi, na sakafu inakuwa ngumu, nyeupe, inayofagilika. Hapo hakuna kilichotoka mbali: chaki kutoka kilimani, maziwa kutoka zizini.

Katika pembe moja ya ukumbi pamechongwa jani la mwaloni. Alama ya National Trust, iliyobuniwa na mchongaji Joseph Armitage katika miaka ya 1930, ni tawi la mwaloni, na wengi hupenda kuamini kwamba chimbuko lake ni jani hilo. Lililo hakika ni kwamba fundi wa karne ya 14, katika nyumba isiyo ya mfalme, alijipa muda wa kuchonga jani.

Sasa swali ambalo najua mnalo: kuna nini hapa cha ukasisi? Usanifu gani unaonyesha kwamba ni nyumba ya padri? Jibu langu ni kwamba hakuna, na hilo ndilo linalonivutia. Ni nyumba ile ile ambayo mkulima mwenye uwezo angejijengea. Padri wa parokia ya kijijini katika Zama za Kati alikuwa mkulima pia. Alikuwa na ardhi ya kanisa aliyoilima au kuikodisha, alipokea fungu la kumi la mazao, alihitaji ghala na zizi kama jirani zake. Somerset kuna nyumba nyingine, ile ya Muchelney, iliyojengwa na abasia (nyumba ya watawa) ya pale mwaka 1308 kwa ajili ya padri wa parokia. Nayo ina ukumbi katikati na paa la mabua. Kanisa lilikuwa na usanifu wake mkubwa kwa ajili ya ibada, lakini lilipomjengea mhudumu wake mahali pa kulala, lilimwita seremala wa kijiji na kumwambia ajenge anavyojua.

Umbali kati ya padri na waumini wake ulikuja baadaye. Mfalme Henry wa Nane alizivunja nyumba za watawa kati ya mwaka 1536 na 1540. Mwaka 1549 sheria iliwaruhusu makasisi kuoa, na ingawa ruhusa hiyo iliondolewa chini ya Malkia Mary, ilirudi wakati wa Elizabeth. Nyumba ya mtu mmoja na mtumishi wake ikawa ya familia. Karne ya 18 mapato ya baadhi ya parokia yalipanda, na sheria ya mwaka 1776 iliwawezesha makasisi kukopa kwa dhamana ya mapato ya parokia ili wajenge au watengeneze makazi. Zikaota nyumba za matofali na madirisha makubwa, zenye nafasi ya farasi na gari lake. Mwaka 1838 Bunge likabana zaidi makasisi wasioishi kwenye parokia zao, na ujenzi ukaongezeka. Ukitaka kuona jinsi kasisi wa Kiingereza alivyohama kutoka kundi la wakulima kwenda kundi la mabwana, linganisha nyumba ya Alfriston na nyumba yoyote ya kasisi ya mwaka 1800.

Nyumba ya Alfriston ilikuwa imeachwa nyuma. Ikagawanywa kuwa makazi ya vibarua. Kwangu mimi hapo ndipo palipookoa jengo. Mwenye pesa angeongeza ghorofa ukumbini, angevunja ukuta wa udongo, angepachika sura ya matofali mbele. Mpangaji maskini hakuwa na uwezo wa kubadilisha chochote kikubwa. Lakini umaskini huo huo ulileta uvujaji na kuoza, na kufikia miaka ya 1880 wenye mamlaka kanisani walikuwa tayari nyumba ibomolewe.

Aliyesimama mbele ni kasisi mwenyewe wa parokia, F. W. Beynon. Aliwaendea watu wa chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa mwaka 1877 na William Morris, mshairi na mbunifu, na wenzake, kisha suala likafika National Trust. National Trust ilikuwa changa mno. Iliundwa Januari 1895 na watu watatu: Octavia Hill, mama aliyepigania makazi bora ya maskini wa London, Robert Hunter, mwanasheria, na Hardwicke Rawnsley, kasisi wa Lake District, nchi ya maziwa ya maji, kaskazini mwa Uingereza. Walikuwa na kipande cha mlima tu huko Wales, Dinas Oleu, walichopewa na Bibi Fanny Talbot. Hazina ilikuwa tupu. Kanisa liliuza nyumba kwa pauni 10, bei ya jina tu, lakini matengenezo yalihitaji mara nyingi ya kiasi hicho, na ilibidi kuomba michango kwa umma. Nampenda Octavia Hill kwa jambo hili: mama aliyezoea kuhesabu kodi za vyumba vya maskini aliona kwamba nyumba iliyokaliwa na vibarua inastahili kulindwa kama jumba la mtawala.

Sasa ule uamuzi niliowaahidi. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na homa ya kurudisha majengo katika hali ya awali. Wasanifu mashuhuri waliingia makanisani, wakakwangua plasta za kale, wakang'oa kazi za karne za baadaye, wakaweka mpya zilizofanana na wanavyodhani zilikuwa. Morris alikasirika sana mwaka 1877 aliposikia mpango wa namna hiyo kwa abasia ya Tewkesbury, na hasira ile ndiyo iliyozaa chama chake. Msimamo wao ulikuwa mwepesi kuueleza: tunza kila siku, ziba paa linalovuja, egemeza ukuta unaoyumba, na kile ulichoongeza kionekane ni nyongeza. Msidanganye umri wa jengo.

Msanifu aliyesimamia matengenezo ya nyumba ya Alfriston, Alfred Powell, alitoka katika mkondo huo. Mafundi wa mkondo huo walifanya kazi hivi: mguu wa nguzo ukioza, kata sehemu iliyooza tu, unga mwaloni mpya juu ya ule mzima kwa kiungo safi, usipake rangi ya kuficha. Nguzo iliyopinda iache imepinda ikiwa bado inabeba. Ni kazi ngumu kwa msanifu kijana, kwa sababu inamnyima nafasi ya kuonekana. Lakini ndiyo iliyotuachia jengo linalosomeka, ambapo mti wa karne ya 14 na mti wa karne ya 19 kila mmoja unajisemea wenyewe.

Nimalizie kwa jambo la vifaa, kwa kuwa linawagusa mafundi wa pwani moja kwa moja. Katika karne ya 20 nyumba nyingi za mbao za Uingereza zilizibwa kwa saruji na watu waliodhani wanaziimarisha. Saruji haipitishi unyevu. Maji yaliyoingia kwenye ufa mdogo yalikwama kati ya saruji na mwaloni, na mti uliostahimili mvua kwa miaka 500 ukaoza ndani kwa ndani. Udongo na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena jua likiwaka. Jambo hilo hilo linatokea kwenye kuta zetu za matumbawe na chokaa, na kwenye ncha za boriti za mikoko zilizoingia ndani ya kuta hizo, kila anapokuja mtu na mfuko wa saruji. Kwa hiyo kabla hamjashika mwiko, gongeni plasta kwanza, sikilizeni palipo na uwazi, tafuteni maji yanaingilia wapi, ndipo mchanganye chokaa.

Nimeleta michoro michache ya viungo vya fremu, iko mezani pale. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na maseremala.